Thamani ya Dalali Mzoefu wa Ardhi Katika Nyakati za Mabadiliko: Mfano wa Buganda

Utangulizi

Ukitaja neno bulooka mbele ya watu wazima wa Kampala, wengi watakunja uso. Bulooka ndiye dalali wa ardhi na nyumba, mtu anayemkutanisha mwenye kuuza na mwenye kununua, kisha akalipwa kamisheni. Watu wanamwogopa kwa sababu wamesikia habari za kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu, za hati zilizochapishwa vichochoroni, na za dalali aliyezima simu mara tu fedha zilipoingia. Nyingi ya habari hizo ni za kweli. Mimi pia nilikuwa nikimhesabu dalali pamoja na wezi, mpaka mwaka 2022, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mama yangu alipotaka kununua kiwanja.

Ninasoma Historia na Kiswahili. Katika historia ya Uganda tulifundishwa Mkataba wa 1900, tukaukariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukausahau. Ilinibidi nisimame katika shamba la migomba pamoja na mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi ndipo nikaelewa kwamba mkataba ule bado unaishi. Katika insha hii nitaeleza jinsi sheria za ardhi za Buganda zilivyobadilika tangu 1900, na jinsi kila badiliko lilivyoacha alama yake juu ya alama za zamani. Hoja yangu ni kwamba mahali ambapo sheria zimebadilika mara nyingi hivyo, dalali aliyeishi ndani ya mabadiliko hayo ana ujuzi usiopatikana ofisini wala kwenye simu. Lakini sitamsifu bure. Ujuzi huo, kama nitakavyoonyesha, watu wengine waliulipia.

Kiwanja cha bei nafuu

Mama yangu anauza nguo za watoto sokoni. Kwa miaka 11 aliweka akiba katika chama cha kuweka na kukopa, kwa lengo moja tu: kuhama kutoka nyumba ya kupanga. Mwaka 2022 aliona tangazo kwenye simu la kiwanja cha futi 50 kwa 100 katika Wilaya ya Wakiso, upande wa barabara ya kwenda Hoima, kwa shilingi milioni 17. Msomaji asiyejua vipimo vyetu aelewe kwamba Uganda ardhi huuzwa kwa desimo. Ekari moja ni desimo 100, na kiwanja cha 50 kwa 100 ni desimo 11 na nusu hivi, ingawa wauzaji wengi hupenda kusema 12. Majirani wa eneo lile walikuwa wakiuza viwanja vya ukubwa huo kwa milioni 22 hadi 25.

Mama si mtu wa kudanganywa kirahisi. Alimlipa mtu aende ofisi ya ardhi kuikagua hati kwenye kompyuta. Jibu likaja zuri: hati ni halisi, jina lililoandikwa ni la anayeuza, hakuna deni la benki, hakuna zuio la mahakama. Akatoa shilingi milioni 3, malipo ya kwanza.

Ssenga wangu, yaani shangazi, ndiye aliyekataa kufurahi. "Kwa nini bei iwe chini ya jirani?" aliuliza. "Mwiteni Jajja kwanza." Jajja kwa Kiganda ni babu au bibi. Mzee huyu si babu yetu wa damu, bali alikuwa rafiki wa marehemu babu, na kwetu watoto hilo linatosha. Alianza mwaka 1969 akiwa kijana wa kubeba mnyororo wa mpimaji ardhi, siku ambazo ardhi ilipimwa kwa mnyororo wa chuma. Baadaye akawa dalali, na amekuwa dalali hadi leo.

Alikataa kwenda na muuzaji. Tulikwenda watatu, asubuhi ya siku ya kazi, kwa taksi. Nilidhani atatafuta mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapimaji, lakini hakuyajali. Alikwenda kwenye migomba akainama kutazama mashina. Alinionyesha jinsi mashina yalivyokuwa yamenyanyuka juu ya udongo. Mgomba mchanga, alisema, hukaa chini, bali shamba lililorithiwa kutoka kwa mzazi hadi mtoto hupanda juu mwaka baada ya mwaka. Halafu alinionyesha mstari wa mituba, miti ambayo magome yake hutengenezwa vitambaa, na mmea wa luwaanyi ambao Baganda huupanda mpakani. Nyuma ya mituba kulikuwa na makaburi manne, mawili yamesakafiwa kwa saruji, mawili ni tuta la udongo tu.

Kisha alikwenda kwenye nyumba ya karibu akaomba maji ya kunywa. Bibi mmoja alitoka, akapiga magoti kumsalimu kama ilivyo desturi, akamletea maji. Jajja alikunywa polepole. Alimwuliza ukoo wake, akamwuliza ukoo wa marehemu mumewe, akauliza ni nani wamelala pale nyuma. Muda wa nusu saa hakuna aliyetaja kiwanja. Mwishowe bibi aliingia ndani akarudi na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za busuulu, yaani kodi ya mkazi kwa mwenye ardhi, zenye jina la baba mkwe wake. Ya juu kabisa ilikuwa ya mwaka 1961.

Jajja alimgeukia mama. "Hati uliyoonyeshwa ni ya kweli," alisema. "Lakini ardhi hii ina watu."

Mama hakujibu. Njia yote ya kurudi Kampala alitazama nje ya dirisha. Mimi nilikuwa na swali la mwanafunzi: inawezekanaje hati iwe ya kweli, na bibi naye awe na haki? Jibu linaanzia mwaka 1900.

Mkataba wa 1900 na kuzaliwa kwa mailo

Msomaji wa Tanzania amezoea kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Buganda ni tofauti. Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza alitiliana saini mkataba na viongozi wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo waliosimama kwa niaba yake walikuwa watawala wake watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba uliigawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba. Kabaka alipewa 350. Serikali ya Malkia ilichukua 9,000 za ardhi iliyoitwa tupu, mbali na misitu. Maili 8,000 zilitengwa kwa ajili ya machifu na wamiliki binafsi 1,000. Kutokana na neno maili ndipo Waganda wakapata neno mailo, jina la umiliki huo hadi leo.

Neno gumu katika habari hiyo ni "tupu". Ardhi haikuwa tupu, wala zile maili 8,000 hazikuwa tupu. Wakulima waliokuwa wakiishi humo waliamka siku moja wakiwa wakazi katika ardhi ya mtu mwingine. Wakuu wa koo, wanaoitwa bataka, walilalamika sana miaka ya 1920 kwamba mahali walipozikwa mababu zao pamegawiwa machifu wasio wa koo hizo. Nilipokumbuka malalamiko hayo nilielewa kwa nini Jajja huanza na makaburi. Kaburi lilikuwa ushahidi wa haki kabla hati haijaletwa Buganda.

Baada ya mkataba zilikuja sheria za kuuweka kwenye karatasi. Sheria ya ardhi ya 1908 iliruhusu mwenye mailo kuuza au kurithisha, ila si kwa mgeni bila kibali. Tangu 1924 usajili wa hati ulifuata mtindo uliobuniwa Australia ya Kusini, ambao msingi wake ni kwamba aliyeandikwa kwenye daftari la serikali ndiye mmiliki. Machifu wakaanza kukata vipande na kuviuza. Palipo na kuuza na kununua patatokea mtu wa katikati. Alikuwa akijua chifu gani ana shida ya fedha, mipaka inapita wapi, na karani yupi wa kumwona.

Busuulu, envujjo na kanzu

Wenye mailo walipoanza kuwatoza wakulima wa pamba kupita kiasi, serikali iliingilia kati. Sheria ya Busuulu na Envujjo ilipitishwa 1927, ikaanza kutumika 1928. Busuulu ilikuwa kodi ya mahali pa kukaa, na envujjo ilikuwa ushuru wa mazao. Sheria iliweka viwango ambavyo mwenye ardhi hangeweza kuvipandisha apendavyo, ikamlinda mkazi asifukuzwe ovyo, na ikaruhusu kibanja chake kirithiwe na watoto wake. Kibanja ni kipande ambacho mkazi anakaa na kulima, ingawa hati ni ya mwenye mailo.

Hapo ndipo tabaka mbili za haki zilipopangwa juu ya udongo mmoja. Mwenye mailo ana hati. Mwenye kibanja ana migomba, makaburi na stakabadhi. Kila mmoja ana haki ya kweli, na hakuna anayeweza kumtoa mwenzake kwa urahisi.

Desturi nayo iliongeza kitu. Mgeni alipoingia kwenye kibanja alimpelekea mwenye mailo kanzu ili atambuliwe. Kanzu ni neno letu la Kiswahili lililofika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na hadi leo malipo hayo huitwa kanzu hata yakilipwa kwa noti. Jajja aliniambia kwamba swali lake la kwanza kwa anayeuza kibanja ni hili: "Kanzu ulimpa nani?" Asiyeweza kujibu hana la kuuza.

Amri ya 1975

Jajja alianza kazi wakati mambo yakivunjika. Mwaka 1966 jeshi la Obote lilishambulia ikulu ya Kabaka, na katiba ya 1967 ikafuta falme. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Nyumba na maduka yao yakagawiwa wengine, na madalali wa mjini wakapata kazi ya kuwaunganisha watu na mali ambazo wenyewe walikuwa wameondoka.

Mwaka 1975 ikaja amri iliyofanya ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma. Mailo ziligeuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99, na sheria ya busuulu na envujjo ikafutwa. Wengi hudhani kwamba amri hiyo ilimdhuru mwenye mailo tu. Jajja ananiambia vingine. Mwenye mailo aliambiwa hana milki tena, lakini hati alibaki nayo kabatini. Mkazi wa kibanja aliambiwa halipi tena busuulu, akafurahi, akaacha kutunza stakabadhi. Kumbe ulinzi wake nao ulikuwa umefutwa pamoja na kodi. Wengine walizitumia karatasi zile kuwashia moto. Bibi wa sanduku la bati alizitunza kwa sababu baba mkwe wake aliamini kwamba serikali huondoka na nyingine huja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha vita vya Luweero vya 1981 hadi 1986 viliwatawanya watu. Waliorudi walikuta nyumba zimeanguka na wageni wamelima mashamba yao. Vijiji vizima vilitegemea kumbukumbu za wazee kujua nani alikaa wapi.

Ni katika miaka hiyo ya baada ya vita ambapo Jajja alifanya jambo ambalo hakutaka kunisimulia. Nilimhoji siku tatu kwa ajili ya insha hii, na alilisema siku ya tatu, jua likizama. Mwaka 1988 alimpata mnunuzi wa ardhi ya mtu mmoja mwenye hati. Ardhi ilikuwa na nyumba nne. Alijua. Alimwambia mnunuzi kwamba hao ni watu wa kupita tu. "Kamisheni yangu niliipata Jumatatu," alisema. "Alhamisi tingatinga likaja." Nilimwuliza watu wale walikwenda wapi. Alisema hajui, na kwamba miaka mitatu baadaye alikwenda kuwauliza majirani, nao hawakujua. Tangu hapo, kila anapopelekwa kuona ardhi, huomba maji ya kunywa kwanza.

Niliandika maneno hayo daftarini bila kujua niyaweke wapi katika insha. Nimeyaweka hapa kwa sababu mwalimu wetu wa historia husema kwamba shahidi hupimwa pia kwa yale yanayomhukumu mwenyewe.

Katiba ya 1995 na Sheria ya 1998

Ufalme wa Buganda ulirudishwa 1993, na katiba ya 1995 ikageuza mambo tena. Ibara ya 237 inasema ardhi ya Uganda ni ya wananchi, na inataja njia nne za kuimiliki: kimila, milki huru, mailo na ukodishaji. Hati zilizokaa kabatini miaka 20 zikawa hai. Na wale walio juu ya ardhi?

Sheria ya Ardhi ya 1998 ilijaribu kuwajibu. Ilimtambua mkazi halali, aliyeingia kwa taratibu za zamani kama zile za busuulu, pamoja na warithi wake. Ilimtambua pia mkazi wa nia njema, aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba kuanza. Kwa kuwa katiba ilianza tarehe 8 Oktoba 1995, hesabu inaturudisha Oktoba 1983. Aliyeingia 1982 ana ulinzi huo. Aliyeingia 1985 hana, isipokuwa awe na njia nyingine. Marekebisho ya 2010 yaliongeza kwamba mkazi hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama na kwa sababu ya kutolipa kodi ya ardhi. Kodi yenyewe sheria ya 1998 iliiweka isizidi shilingi 1,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo mwenye mailo hangeweza hata kulipa nauli ya kwenda kuidai, ndiyo maana wengi waliona heri wauze hati pamoja na ugomvi wake.

Hiyo ndiyo siri ya milioni 17. Kijana aliyetuuzia si mwizi wa hati. Aliirithi kutoka kwa babu yake, hajawahi kulala kijijini kule hata usiku mmoja, na alikuwa akiuza haki yake ya kweli. Ila mnunuzi angenunua pamoja nayo bibi mmoja, makaburi manne na miaka ya kesi. Tume ya uchunguzi wa ardhi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire, iliyoanza kusikiliza watu 2017, ilijaa malalamiko ya namna hiyo.

Kompyuta inaona nini?

Rafiki zangu chuoni wanasema madalali watakwisha. Tangu 2013 serikali imekuwa ikiingiza hati kwenye mfumo wa kompyuta, na mtu anaweza kupata majibu kwa siku chache mahali ambapo zamani faili "lilipotea" hadi karani afurahishwe. Nakubali kwamba hilo ni jambo jema. Dalali ambaye thamani yake ilikuwa kumjua karani hana kazi tena, na sitamlilia. Vilevile picha za viwanja kwenye simu zimefupisha safari ya kutafuta.

Lakini kompyuta huonyesha kilichosajiliwa, na vibanja kwa kawaida havikusajiliwa. Sheria ya 1998 ilimruhusu mkazi kuomba cheti cha ukazi, ila vijijini vyeti hivyo ni nadra kuviona. Mtu aliyekagua hati kwa niaba ya mama alisema kweli tupu, na bado mama angeangamia. Mwenyekiti wa LC wa kijiji angeweza kusaidia, kwani muhuri wake hutakiwa karibu kila mauzo, lakini naye ni mtu, na huenda ana mgawo katika mauzo hayo.

Kwa hiyo nimeugawa ujuzi wa dalali mzoefu katika mambo matatu. La kwanza ni kusoma ardhi yenyewe: mashina ya migomba, mituba, makaburi, na ardhi oevu ambayo wakati wa kiangazi huonekana kavu na ambayo katiba inaitaka serikali iihifadhi kwa ajili ya watu wote. La pili ni kujua tarehe. Mzee asiyejua Kiingereza anajua kwamba 1983 na 1985 si sawa, kwa sababu ameona nani alibaki na nani alifukuzwa. La tatu ni kuaminika na pande zote mbili. Bibi asingemfungulia sanduku lake kijana mwenye gari.

Mapatano chini ya mtuba

Jajja hakumwambia mama aachane na kiwanja. Alisema kuna njia, ila ni ndefu. Mkazi na mwenye mailo wanaweza kugawana: mkazi akaachia sehemu ya kibanja, na mwenye mailo akampa hati ya sehemu iliyobaki. Sheria inaruhusu wapatane hivyo kwa hiari.

Ilichukua miezi mitano. Ardhi yote ilikuwa ekari moja. Yule kijana alitaka kuikata viwanja saba. Watoto wa bibi waliitwa kutoka Kampala na Masaka. Mkutano wa kwanza ulivunjika kwa kelele. Katika mkutano wa tatu, chini ya mtuba, mbele ya LC na wakili, walikubaliana: bibi abaki na nusu ekari yenye nyumba, migomba na makaburi, kwa hati ya jina lake, na mwenye mailo achukue nusu nyingine ikiwa huru. Jajja alisisitiza majina ya waliozikwa pale yaandikwe ndani ya mapatano. Wakili alisema si lazima. Jajja alisema yeye hataweka kidole chake bila majina hayo, na yakaandikwa, yote manne.

Mama alinunua futi 50 kwa 100 katika ile nusu iliyo huru, kwa shilingi milioni 22. Milioni 3 za mwanzo zilihesabiwa. Alikopa milioni 5 kwenye chama chake na bado anazilipa. Jajja alipokea asilimia 5, shilingi milioni 1 na laki 1. Mjomba wangu mmoja anasema hadi leo kwamba yule mzee alimpandishia dada yake bei.

Sitaki kumaliza habari hii kana kwamba kila mtu alishinda. Bibi alipata hati ambayo familia yake haikuwahi kuwa nayo tangu 1900, lakini alipoteza nusu ya ardhi aliyoilima tangu alipoolewa. Jajja alimwambia wazi, mbele ya watoto wake, kwamba ana haki ya kukataa na hakuna wa kumfukuza. Watoto ndio waliotaka hati. Mama sasa amejenga msingi wa nyumba. Akienda kule hupitia kwa bibi na kilo ya sukari, na bibi humpa ndizi, ila mama huniambia kwamba bado hajazoea kutazama upande ule uliokuwa na migomba.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba historia ya ardhi ya Buganda ni ya tabaka juu ya tabaka: mailo ya 1900, busuulu ya 1928, amri ya 1975, katiba ya 1995, sheria ya 1998, na kompyuta ya sasa. Hakuna sheria mpya iliyoifuta kabisa ile ya nyuma. Anayenunua leo anazinunua zote kwa pamoja, ajue asijue. Dalali mzoefu ana thamani kwa sababu anaweza kumwonyesha mnunuzi tabaka zilizofichika, na thamani hiyo inapungua hadi sifuri akiamua kunyamaza, kama Jajja alivyonyamaza mwaka 1988. Uzoefu peke yake hautoshi. Unahitaji mtu anayekubali kupoteza kamisheni.

Ninalo pendekezo moja kwa wanafunzi wenzangu wa historia, katika Uganda na katika nchi jirani. Wazee hawa wanaondoka. Jajja haandiki, na vijiji vyote vile viko kichwani mwake. Mwaka huu nimeanza kwenda kwake kila mwezi na daftari. Yeye hutaja kijiji, mwenye mailo, wakazi na mwaka, nami naandika. Tumefika kijiji cha 14. Zile nyumba nne za 1988 ziko kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka tuanzie hapo.